Sauti Iliyopimwa

Giza la Oktoba huingia mapema Dryanovo, mji mdogo wa Bulgaria. Zdravka alikuwa amerudi kutoka kiwandani, mgongo ukimuuma kwa kushona mifuko ya suruali tangu asubuhi, na bado kulikuwa na gunia zima la pilipili hoho uani likimsubiri. Hoho zikikaa huoza, ziwe na mtu wa kuzichoma au zisiwe naye. Alimwacha binti yake Kalina kando ya jiko la uani, akachukua tochi, akashuka kwenye ghala la chini ya nyumba kutafuta mitungi mitupu.

Huko chini palinuka chokaa.

Chokaa mbichi, iliyochanganywa muda huo huo, ile inayochoma pua. Zdravka alisimama kwenye ngazi ya mwisho. Nyumba ile ilijengwa na babu yake, na tangu babu afariki hakuna aliyeigusa kwa mwiko wa mwashi. Alimulika kuta. Kavu. Alimulika sakafu. Vumbi, viazi, baiskeli ya mumewe isiyo na gurudumu la mbele.

Kisha akasikia.

Ko... ko... ko.

Mlio mdogo, wa subira, kama mpini wa mwiko unapogonga jiwe likae sawa. Tangu utotoni alikuwa akiusikia mlio huo, babu akijenga. Asingeweza kuuchanganya na kitu kingine.

“Panya,” alijiambia kwa sauti. Hakuwa mtu wa kutishika. Mume alikuwa Ujerumani akiendesha malori, mtoto alikuwa darasa la pili, na chini ya paa lake alikuwa na mdogo wake wa kiume asiye na kazi. Mwanamke wa namna hiyo akianza kuogopa panya, nani atapika?

Alibeba mitungi yake, akapanda. Alipofika juu ndipo alipotambua kwamba mlio haukuwa ghalani. Ulitoka chumba cha Yavor.

Yavor, huyo mdogo wake, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta kama kawaida, soksi moja mguuni, nyingine mezani karibu na sahani ya jana.

“Unagonga nini?” Zdravka aliuliza mlangoni.

“Mimi? Sigongi kitu, dada. Labda tumbo langu. Hoho zimeiva?”

“Zitaiva utakapokuja kuzimenya. Na hiyo soksi inakula nini mezani?”

Yavor alicheka. Kugonga kulikuwa kumekoma. Lakini harufu ya chokaa ilikuwa mle chumbani, hafifu, na ilionekana kutoka nyuma ya kompyuta, pale penye feni.

Yavor alikuwa na gemu yake moja ya zamani. Walioitengeneza walishaitelekeza, lakini watu wachache bado waliipenda, na yeye alijipa kazi ya kuitia sauti za Kibulgaria. Alikuwa ameshamweleza dada yake mambo hayo mara nyingi, hata asipoulizwa.

“Gemu haiweki vitu vyake ovyo,” alikuwa akisema. “Picha, kuta, nyayo, sauti, vyote vimefungwa ndani ya faili moja kubwa. Kama kasha. Nalifungua kasha, natoa sauti ya zamani, naweka yangu, nalifunga upya. Ila kila kitu humo kina nafasi yake iliyopimwa. Changu kikizidi hata kidogo, kinamsukuma jirani, jirani anamsukuma jirani yake, nyumba nzima inaanguka.”

Na kweli ilikuwa ikianguka. Mwezi mzima wa Septemba Yavor alifunga kasha jioni, gemu ikafunguka vizuri, akalala na furaha. Asubuhi imekufa. Alipima upya, akafunga upya. Jioni imesimama, asubuhi imeanguka. Siku moja Zdravka, mikono ikiwa kwenye unga wa mkate, alimtania: “Hiyo gemu yako ni kama daraja la mafundi wa zamani. Mchana wanajenga, usiku linabomoka. Si ujengee mtu humo ndani?”

Walicheka wote wawili. Yavor ndiye aliyecheka zaidi.

Halafu wiki mbili zilizopita alitoka chumbani akipiga makofi. “Imesimama, dada! Asubuhi ya tatu hii, haijaanguka!” Wakanywa kidogo rakia, pombe kali ya matunda, na Kalina akapewa juisi kwenye glasi ya wakubwa.

Ni wiki hiyo hiyo Kalina alipoanza kukwama.

Mwanzo ilikuwa sauti kukauka. Zdravka alimpa chai ya mlimani na asali, akamfunga skafu. Daktari alimulika koo akasema ni safi. Kisha yakaja yale mengine. Mtoto anazungumza mezani, anasema, “Mama, leo mwalimu...” na hapo sauti inakatika. Mdomo unaendelea. Midomo inafunguka, inafumba, ulimi unakwenda, lakini hakuna kinachotoka. Mara, “...akaanguka kwenye kiti!” na mtoto anacheka peke yake, akishangaa mbona wengine hawacheki.

“Acha mchezo huo,” Zdravka alimwambia mara ya kwanza.

“Mchezo gani, mama?”

Hakuwa akijua.

Jioni hii Zdravka alitoka kwenda uani na mitungi yake. Moto wa jiko ulikuwa umewaka vizuri, hoho zikipasuka maganda, moshi wake mtamu ukizunguka. Kalina alikuwa amesimama mbele ya moto akiimba na kuchokonoa kuni kwa kijiti. Mwanga wa moto uliutupia ukuta vivuli. Kivuli cha jiko, cheusi. Kivuli cha gunia, cheusi. Kivuli cha paka, na masharubu yake.

Cha Kalina kilikuwa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

Zdravka alitazama, akafumba macho, akatazama tena. Alimsogeza mtoto karibu na moto. Kivuli kilirefuka, lakini hakikukolea. Mawe ya ukuta yalionekana kupitia katikati yake.

Aliweka mitungi chini polepole.

Katika ukoo wao walikuwa waashi, baba kwa mwana. Babu alipokuwa hai, alikataza jambo moja tu kwa ukali: mtoto asipite penye ujenzi jua likiwa chini. Alisema ukuta unaogoma kusimama hutaka mtu. Zamani walimtia mtu mwenyewe. Baadaye waashi wakapata njia ya kimyakimya. Mtu anapita, mwashi anakipima kivuli chake kwa uzi, kisha uzi ule unajengewa ukutani. Ukuta unasimama. Aliyepimwa anarudi nyumbani, anakula, analala, na siku kwa siku anapungua... hadi anakwisha, naye anabaki mle ukutani kama mlinzi. Zdravka aliyaita mambo hayo upuuzi. Hata hivyo, kila alipopita na Kalina penye jengo jipya karibu na stesheni, alimbeba mgongoni, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Alirudi chumbani kwa Yavor bila kubisha.

“Uliweka nini kwenye hilo kasha, ndipo likasimama?”

“Sauti tu, dada.”

“Ya nani?”

Yavor alianza kutabasamu, kisha akaacha. “Ya Kalina. Sentensi moja! Kuna kinu cha kusagia ngano kule kwenye gemu. Mchezaji akifika mlangoni, kuna mtoto ndani anagonga na kuita, anarudia, anarudia, hadi mchezaji afungue. Nilihitaji sauti ya mtoto. Nilimpa chokoleti, akasema, basi.”

“Icheze.”

Dirisha lilikuwa wazi upande wa uani. Kalina alisikika akiimba wimbo wake wa shule, kwa sauti ya kukwaruza lakini ya furaha. Yavor alibonyeza.

Ko, ko, ko. “Mama, nifungulie. Ni mimi.”

Uani, wimbo ulikatika.

“Simamisha,” Zdravka alinong’ona.

Yavor alisimamisha. Wimbo ukaendelea uani, katikati ya neno, kama vile haukuwahi kukatika.

“Tena.”

“Dada...”

“Tena, Yavor!”

Ko, ko, ko. “Mama, nifungulie. Ni mimi.” Kimya uani. “Mama, nifungulie. Ni mimi.” Kimya. Zdravka alikwenda dirishani. Mtoto wake alikuwa ameelekeza uso motoni, mdomo wazi, akiimba kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imesimama.

Bila sauti.

Yavor alizima kila kitu. Alikisukuma kipanya mbali, kikaanguka.

“Uliipima?” Zdravka aliuliza.

“Lazima nipime, si nilikwambia? Ilizidi kidogo, nikaikata ikae sawasawa kwenye nafasi...” Hapo akakumbuka. Naye alikuwa mjukuu wa babu yule yule. “Ni Zidar aliyeniambia,” alisema kwa sauti ndogo.

Zidar maana yake mwashi. Ndilo jina alilojipa mtu mmoja mtandaoni, katika kikundi chao cha wapenzi wa gemu. Hakuna aliyewahi kumwona sura. Yavor alipolalamika kwamba kasha halisimami hadi asubuhi, mtu huyo alimtumia programu yake mwenyewe ya kufungia, pamoja na maneno machache: weka sauti ya mtu wa nyumbani kwako, aliye hai, na uipime vizuri.

“Nawe ukaweka.”

“Nilidhani ni ushauri wa kitaalamu, dada! Sauti iliyorekodiwa nyumbani, isiyo na mwangwi... Nitajuaje?”

“Muulize anataka nini.”

Yavor aliiwasha tena kompyuta, akavuta kibodi. Alikuwa hajaandika herufi hata moja. Ujumbe wa Zidar ulikuwa umeshafika.

Imesimama?

Neno moja tu. Na mle chumbani, nyuma ya kompyuta, ndani ya ukuta wa babu... ko... ko... ko.

“Naifuta,” Yavor alisema. “Naitoa sauti yake sasa hivi, nafuta kila kitu.”

Zdravka alimshika mkono. Kucha zake ziliingia kwenye ngozi. “Usiguse! Babu alisemaje? Uzi ukishaingia ukutani hauvutwi hivi hivi. Ukuta unaanguka, na aliye ndani anaanguka nao. Kingine kiingie mahali pake kwanza.”

“Kingine gani?”

Alifikiri. Alifikiri jinsi alivyofikiri kila siku: nini kipo nyumbani, nini kipo kwa jirani, nini kitafaa.

“Subiri hapa,” alisema. “Na uvae soksi.”

Bibi Yordana, jirani yao, alikuwa akifungia kuku zake.

“Bibi, nipe yule jogoo wako.”

“Leo Jumanne? Wa nini?”

“Supu.”

“Supu ya jogoo mzee hivi! Utamchemsha hadi Pasaka, mwanangu. Chukua kuku.”

“Namtaka huyo huyo mwenye kelele.”

“Mchukue basi. Ameninyima usingizi mwaka mzima, shetani huyu.” Bibi alimpitisha jogoo juu ya ua, mbawa zikipigapiga. Kisha jicho lake likamwangukia Kalina aliyesimama mbele ya moto. Likashuka miguuni mwa mtoto, pale penye kivuli. Bibi Yordana alijifanyia ishara ya msalaba mara tatu, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuuliza tena habari za supu.

Walimtia jogoo ghalani gizani. Walipommulika tochi ghafla usoni, aliwika kwa hasira ya kuamshwa, na Yavor akamnasa kwa simu. Zdravka ndiye aliyemchinja, kwenye kizingiti cha nyumba, kisu kile kile cha kukatia mikia ya hoho. Hakusema dua. Hakuijua. Alisema tu, “Chukua huyu.”

Chumbani alimpakata Kalina mapajani, akamfunika kwa koti lake.

“Kwa nini unanibana, mama?”

“Kuna baridi.”

“Mjomba anafanya nini?”

“Anahamisha vitu.”

Yavor aliukata mlio wa jogoo. “Ni mrefu,” alinong’ona. “Nakata hapa. Sasa umelingana.”

“Upime tena.”

“Umelingana, dada. Sawasawa na wake.”

“Pima tena!”

Alipima tena. Kisha akalifungua kasha. Zdravka hakuwahi kutazama kazi ile kwa karibu. Aliona majina ya vitu yakishuka kwenye kioo cha kompyuta kwa maelfu: kuta, milango, miti, nyayo za watu. Yavor alitafuta mlango wa kinu. Akaweka sauti ya jogoo mahali pa ile nyingine. Akabonyeza kufunga.

Harufu ya chokaa ilijaa chumbani hadi macho yakawasha.

Ko, ko, ko, ko... Sasa kugonga hakukuwa na subira. Kulikwenda mbio, kuta zote nne, kama waashi kumi wanaoharakisha kabla ya jua kuzama. Unga mweupe ulidondoka darini juu ya kibodi. Kalina alianza kujikunja. Mdomo wake ulifunguka. Ulisema kitu, ukakirudia, ukakirudia, bila sauti, na macho yake yalikuwa yakimtazama mama yake kama anayetazama kutoka mbali sana.

“Yavor...”

“Bado kidogo.”

“Yavor, anapoa!”

“Bado kidogo, dada, nikikatiza tumekwisha!”

Mikono ya mtoto ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Zdravka aliipuliza, akaisugua, akaiingiza kwapani mwake.

Kisha kugonga kukakoma.

Kimya.

Na katika kimya kile Kalina akasema, kwa sauti safi isiyokwaruza hata kidogo:

“Mama, nifungulie. Ni mimi.”

Zdravka alimkumbatia zaidi. “Nimekufungulia,” alisema. “Nimeshafungua, mwanangu. Ingia.”

Mtoto alipepesa macho. Akanusa. “Hoho zinaungua,” alisema. “Na nina njaa.”

Ziliungua kweli, nusu ya gunia. Zdravka hakugomba. Usiku ule kivuli cha Kalina kilikaa ukutani cheusi kama cha paka.

Wiki iliyofuata gemu ilikuwa bado imesimama. Mchezaji akifika kwenye kinu, jogoo aliwika ndani. Yavor alijaribu kulifanyia mzaha jambo lile, lakini mzaha haukufika mbali. Zidar hakuandika tena. Na Yavor hakula vizuri. Alichokonoa chakula, akakiacha.

“Sema,” Zdravka alimwambia siku moja, akikausha vyombo.

“Siku ile iliposimama mara ya kwanza... Nilifurahi mno, dada. Niliiweka mtandaoni ili kila mtu aichukue.”

Zdravka aliendelea kuikausha sahani ile ile.

“Nimeitoa. Nimeweka hii ya jogoo. Nimewaandikia wote wabadilishe, nimewaambia ile ya kwanza ina kasoro. Wengi wamebadilisha. Ila wapo wasiosoma. Na wapo waliowapa wenzao. Sijui iko wapi na wapi.”

“Lakini hajakwama tena,” Zdravka alisema. “Tangu siku ile hajakwama.”

“Hajakwama,” Yavor alikubali.

Theluji ya kwanza ilianguka. Zdravka alimsikiliza mwanawe kila siku, jikoni, bafuni, kitandani. Mtoto alisema na kuimba na kubisha, na mama akaanza kuchoka na kelele zake kama mama yeyote, na uchovu ule ulikuwa raha.

Jioni moja walikuwa mezani, supu ya maharage ikitoa moshi. Kalina alikuwa akisimulia habari za shule.

“Halafu Mihaela akamwambia mwalimu kwamba...”

Upawa ulibaki hewani mkononi mwa Zdravka.

Mdomo wa mtoto ulikuwa unaendelea. Midomo inafunguka, inafumba. Yavor aliweka kijiko chini. Juu ya kitambaa cha meza, chini ya taa, kivuli cha glasi kilikuwa cheusi, na kivuli cha mkono wa Kalina kilianza kupauka.

Mahali fulani, katika nyumba wasiyoijua, mtu alikuwa amefika mbele ya kinu. Zdravka alingoja. Ni sentensi fupi. Itasemwa, mtu atafungua mlango, yatakwisha.

Hayakwisha.

Midomo ilirudia, ikarudia. Kalina hakuwa akicheka tena. Macho yake yalimgeukia mama yake, na safari hii alijua. Huko mbali mtu alikuwa amesimama tu mlangoni. Pengine ameitwa kula. Pengine simu imelia, ameinuka, ameiacha gemu ikiendelea, na mtoto anagonga.

Ko... ko... ko, ukutani.

Zdravka alimkumbatia mwanawe, akaubana mdomo wake kwenye nywele za mtoto, akaanza kumwomba mtu asiyemjua, kwa mnong’ono, kama anayeweza kusikika:

“Mfungulie. We uliyeko huko, yeyote uliye... rudi kwenye kiti. Mfungulie mtoto mlango.”